Maneno magumu ya Kiingereza yenye asili ya Kigiriki: mzizi wa mengi tunao majumbani, tunayakata pabaya tu

BintiLangoni (Lamu)

Asalaam aleikum wanajukwaa.

Uzi huu ni wa yeyote anayesomea uuguzi, maabara, famasia au bailojia na analala na orodha ya maneno ya Kiingereza chini ya mto. Mimi nililala nayo miezi minne. Mwaka wa kwanza chuoni tulipewa istilahi zaidi ya mia moja na agizo moja tu: zishikeni. Nikazishika kwa mdomo, ya kwanza hadi ya mwisho, bila kujua ndani yake mna nini. Siku ya mtihani nikaulizwa "dysphagia" ni nini, nikajibu kwamba mgonjwa anashindwa kusema. Swali lililofuata lilikuwa "dysphasia", nikajibu kwamba anashindwa kumeza. Nilikuwa nimeyapishanisha.

Alama nilizopoteza hazikunikaa rohoni. Kilichonikaa ni picha ya wodi: mzee aliyepooza upande mmoja, maneno yamempotea lakini koo lake ni zima, nami nimemwandikia asipewe chakula. Na kitanda cha pili mwenziwe hawezi kumeza hata mate, nami nimeagiza aletewe uji.

Likizo ile nikaenda Matondoni kwa Babu. Wanaoijua Matondoni wanajua kule ni kwa mafundi wa vyombo, ufuoni hakukosi jahazi lililolazwa ubavu linatiwa kalafati. Babu hajengi tena majahazi, nguvu zimepungua, lakini huchonga vijimtepe vidogo vya kuonyesha watoto. Kwa ndugu zetu wa bara: mtepe ni chombo cha kale cha visiwa vyetu hivi ambacho mbao zake hazikupigwa msumari. Zilishonwa kwa kamba ya makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa la mkeka.

"Ndoo uone kwa mato yako," akaniambia. Akatoboa mbao mbili kwa keekee, matundu yakikabiliana, akapitisha kamba, akaivuta hadi mishipa ya mkono ikamsimama, na kabla haijalegea akapigilia kijiti ndani ya tundu. Kijiti kile kina kazi mbili, kubana kamba na kuzuia maji. Akakikata kikawa sawasawa na ubao, kisha akanishika kidole akakipitisha juu yake. Sikuhisi kitu. Kama hukuoneshwa pa kutazama, hungejua kwamba pale pana maungio.

Usiku ule nikawa nasoma kwenye simu habari za Periplus, maandishi ya Kigiriki ya karne ya 1 yanayoeleza biashara ya Bahari ya Shamu na pwani yetu hii. Yanataja soko la mwisho kabisa la pwani, liitwalo Rhapta, na kusema kwamba jina hilo limetokana na vyombo vyake vilivyoshonwa. Wataalamu wengi huliweka soko hilo pwani ya Tanzania, kwa hiyo sidai kwamba ni kwetu. Lakini kitenzi chenyewe ni "rhaptein", yaani kushona. Na hapo nikakumbuka neno nililowahi kulikuta gazetini nikalipita, "rhapsody". Nikalitafuta. Ni "rhaptein" na "oide", wimbo. Wimbo ulioshonwa. Malenga wa Kigiriki wa zamani aliyeghani tenzi ndefu aliitwa mshona nyimbo.

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Maana sisi tunasema nini? Tunatunga shairi. Na asumini tunazitungaje? Kwa uzi. Shanga? Tunatunga. Samaki wa mishipi tunawatunga kwa kamba tukawapeleka sokoni. Mgiriki alishona wimbo wake na Mlamu akatunga wake, kila mmoja na uzi mkononi.

Tangu usiku ule sijakariri orodha tena. Nikikutana na neno refu natafuta maungio. "Dysphagia": "dys" ni ubaya au ugumu, "phagein" ni kula. Neno la kizamani la jeneza la jiwe, "sarcophagus", limo humo humo, jiwe linalokula nyama, "sarx" ni nyama. Na "esophagus", umio, ndimo kinamopita chakula. Upande wa pili, "phasis" ni usemi. Nduguye ni "pheme", maneno yanayosemwa, na ukitanguliza "eu", yaani uzuri, unapata "euphemism", ile tafsida tuliyofundishwa kwenye somo la Kiswahili. Sasa hata uniamshe usiku wa manane siwezi kuyapishanisha. Moja lina chakula ndani, jingine lina sauti.

Jambo la pili, ambalo ndilo lililonifanya niandike. Nilipoanza kufuata mizizi nilikuta mingi imo majumbani mwetu tayari, imekuja kwa mlango wa Kiarabu. Daftari ni Kigiriki "diphthera", ngozi iliyotengenezwa, ambayo watu waliandikia. Karatasi ni "khartes", nduguye "chart" na "cartography", uchoraji wa ramani. Kalamu ni "kalamos", unyasi. Almasi ni "adamas", kitu kisichoshindika, na Kiingereza kina "adamant" kwa mtu asiyeyumba katika neno lake. Fanusi ni "phanos", taa, ukoo mmoja na "diaphanous", nguo nyepesi inayopitisha mwanga kama mtandio wa hariri. Falsafa, kanuni na dirhamu nadhani wengi mnazijua.

Nani mwingine amejifunza hivi? Leteni yenu.

KijanaShela

Dada, nimesoma uzi wako mara mbili. Nina swali na naliuliza kwa heshima. Kalamu ni Kigiriki vipi, na neno limo ndani ya Qur'ani, kuna na sura nzima? Ustadhi wetu alitufundisha kwamba Qur'ani imeteremshwa kwa Kiarabu kilicho wazi.

MwalimuMstaafu (Malindi)

Kijana, swali lako ni zuri na limeulizwa na wakubwa kabla yako. Nimefundisha Kiingereza na Historia miaka mingi, na kila darasa lilikuwa na mwanafunzi mmoja wa kuuliza hivyo.

Wanazuoni wa Kiislamu wenyewe walilijadili. Imamu as-Suyuti, aliyefariki mwaka 1505, aliandika kitabu kizima kuhusu maneno ya Qur'ani ambayo asili yake ya mbali iko katika lugha nyingine. Wako waliokataa na wako waliokubali, na kauli iliyowapatanisha ni kwamba neno likishaingia kwa Waarabu likapita katika ndimi zao, likavaa vazi lao, limekuwa Kiarabu. Qur'ani iliposhuka lilikuwa Kiarabu tayari. Ndivyo ilivyo kwetu. Meza ilitoka kwa Wareno, lakini nani leo atakwambia meza si Kiswahili? Ustadhi wako amesema kweli na Binti Langoni amesema kweli.

Binti, nimefurahi kukusoma. Niongeze mambo ambayo niliwapigia kelele wanafunzi wangu.

Kwanza mkazo. Sisi huuweka silabi ya pili kutoka mwisho, hatufikirii hata. Maneno ya Kigiriki ndani ya Kiingereza yanayoishia na "-logy", "-graphy", au "-meter" ya vyombo vya kupimia, huuweka silabi ya tatu kutoka mwisho. Mwanafunzi wangu akisema "thermometer" akauangusha mkazo kwenye "me", Mwingereza anahangaika kumwelewa. Uweke kwenye "mo". Nimeona watoto hodari wakiaibishwa mbele ya watu kwa jambo ambalo mwalimu angelirekebisha kwa dakika tano.

Pili, ninyi watu wa Lamu mna akiba ambayo hamuioni. Mnasema ndoo, ndia, ndaa. Kiswahili sanifu kinasema njoo, njia, njaa. Mmekua mkijua kwamba sauti hubadilika kwa utaratibu, si ovyoovyo. Basi Kigiriki kwenda Kiarabu ni hivyo hivyo. Kiarabu hakina "p", kwa hiyo "Platon" akawa Aflatuni. Kigiriki kwenda Kiingereza nako kuna utaratibu wake. Ukiona "ph" inayosomwa "f", "ch" inayosomwa "k", "rh", "y" katikati ya neno, au "ps" na "pn" mwanzoni ambapo "p" haisikiki, shuku Kigiriki. Shuku tu, usiape. Kuna ndege wa nchi za baridi aitwaye "ptarmigan". Jina lake ni la Kigaeli cha Uskoti na halikuwa na "p". Watu waliitia wakidhani ni Kigiriki cha "pteron", bawa, na mpaka leo "p" ile imekaa pale haina kazi.

KijanaShela

Nimeelewa Mwalimu, shukran sana, Mungu akuzidishie.

Kwa "pteron" hiyo, je, helikopta? Huku tunaziona zikivuka kwenda Manda.

MwalimuMstaafu (Malindi)

Ndiyo hasa, na ndio mfano bora wa kukata pabaya. Kila mtu hukata "heli" na "copter". Maungio hayako hapo. Ni "helix", kitu kinachozunguka kama skrubu, shina lake "heliko", na "pteron", bawa. Bawa linalozunguka. Lakini watu walishakata pabaya, wakazaa "heliport", na sasa ni neno halali. Lugha haikusubiri ruhusa.

NahodhaKipungani

Salaam. Mimi elimu yangu ya shule ni ya darasa la nane, ila nimebeba wageni baharini miaka mingi na lugha nimeokota humo. Kuna mgeni mmoja, mtu mzima, alikuwa mtu wa nyota. Tulikuwa tumekwama kwenye mlango wa mikoko, maji yametoka yote hata tope linaonekana, nikamweleza kwamba leo ni bamvua, mwezi umeandama juzi, maji hutoka sana na hujaa sana. Akasema neno moja nikamwomba aliandike kwenye ubao wa chombo kwa chaki: "syzygy". Y tatu. Nikamwambia hilo si neno. Akasema ni pale jua, mwezi na dunia vinapokaa mstari mmoja, mwezi mchanga au mwezi mpevu, jua na mwezi vikivuta pamoja. Sasa bamvua naijua tangu nina miaka sita, ila sikujua kwamba ina jina namna hiyo. Neno hilo ni Kigiriki?

BintiLangoni (Lamu)

Nahodha shikamoo. Ni Kigiriki, na lina maungio mazuri! "Syn" ni pamoja, na "zygon" ni nira, ule mti unaowafunga ng'ombe wawili shingoni walime sambamba. Jua na mwezi vimefungwa nira moja vinavuta bahari. "Zygote" limo humo, mbegu mbili zilizoungana. Na ukoo huo huo una "zeugos", wawili wa pamoja, uliopita Kiaramu ukafika Kiarabu ukawa "zawj", mwenzi. Kwetu likapinduka sauti, tukapata jozi. Jozi ya viatu na bamvua ya Kipungani ni nyumba moja.

NahodhaKipungani

Marahaba mwanangu. Kwa hiyo maji mafu, yale yasiyotoka sana wala kujaa sana, yana neno lao pia?

BintiLangoni (Lamu)

Yanayo, Nahodha. Jua na mwezi vikikaa pembe mraba, mwezi nusu, hali hiyo inaitwa "quadrature". Lakini hilo ni Kilatini, si Kigiriki.

MpishiMalindi

Nami niingie. Hapa Malindi Waitaliano ni wengi, na jikoni kwetu oda haipiti saa moja bila "calamari". Kila asubuhi nasafisha ngisi. Ukitia kidole ndani ya mfuko wake unashika kitu chembamba kama plastiki laini, kinapitisha mwanga, kimechongoka upande mmoja. Unakivuta polepole, kikitoka kizima ngisi amesafishika. Mpishi mkubwa aliyenifundisha alikiita kalamu, nami nilidhani anatania. Kando yake kuna kifuko cha wino, ukikitoboa mikono inakuwa myeusi siku nzima. Jana usiku nikasoma hapa kwamba kalamu ni "kalamos", nikaanza kujiuliza kuhusu jina la ngisi.

MwalimuMstaafu (Malindi)

Umejiuliza vyema. "Kalamos" ya Kigiriki iliingia Kilatini ikawa "calamus", ikazaa "calamarium", kidau au kibweta cha kalamu na wino. Kutoka huko Kiitaliano kikapata jina la ngisi, kwa sababu ana wino wake na kalamu yake. Kwa hiyo jikoni mwako unashika neno moja kwa mikono miwili. Kalamu iliyokuja kwa jahazi la Waarabu, na "calamari" iliyokuja na Waitaliano. Zimeondoka kwa Wagiriki zikiwa moja, zimekutana tena Malindi juu ya ubao wa kukatia.

Na kwa kuwa tuko Malindi, vijana wajue hili. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifika kwa mfalme wa China. Kiingereza cha zamani kilimwita twiga "camelopard", kutokana na Kigiriki, ngamia na chui: shingo ya ngamia, madoa ya chui. Neno limezeeka, watu hawalisemi tena, ila wanasayansi wamelihifadhi katika jina lake la kitaalamu, Giraffa camelopardalis.

KijanaShela

Mimi ninalo moja nililolipenda, "petrichor". Ni harufu ya mvua ya kwanza juu ya ardhi kavu. Huku kwetu mvua ikianza kugonga kuta za matumbawe baada ya jua la kaskazi, harufu ile inaingia hadi dakani. Neno liliundwa na wanasayansi wawili Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, mwaka 1964. "Petra" ni jiwe, na "ichor" ni yale maji ambayo Wagiriki waliamini yanapita kwenye mishipa ya miungu yao badala ya damu. Lilinishangaza kwamba neno la Kigiriki linaweza kuwa na umri mdogo kuliko baba yangu.

MuuguziSabaki

Binti Langoni, dadangu, uzi wako umenipata nikiwa zamu ya usiku. Nataka nikuongezee pale ulipoanzia.

Ulitaja daftari na "diphthera", ngozi. Basi kumbuka na "diphtheria". Daktari Mfaransa Pierre Bretonneau aliupa ugonjwa huo jina mwaka 1826 kwa sababu ya utando mgumu kama ngozi unaoota kooni mwa mtoto ukamziba pumzi. Sisi tunauita dondakoo, na naona jina letu linamweleza mama jambo moja kwa moja kuliko lao. Ila anayeandika mtihani aone "phth" mle ndani, wengi huiruka "h" ya kwanza. Mimi sasa nawaambia wanafunzi wa mazoezi: ukiandika kwenye daftari, umeandika kwenye ngozi, ngozi ile ile ndiyo inayomkaba mtoto. Hawasahau. Na mama akija na mtoto wa wiki 6, 10 na 14, wanajua chanjo ile inazuia nini.

"Sphygmomanometer" nilikuwa naikimbia, nasema mashine ya presha. Mpaka nikajua "sphygmos" ni mpigo wa mshipa. Ukilishika hilo, lililobaki ni kipimo tu.

Sasa "rhaptein" yako. Mimi ni mkunga. Nomino yake ni "rhaphe", mshono, na ndiyo ile "-rrhaphy" yenye r mbili inayotutesa tahajia. "Herniorrhaphy" ni kushona ngiri. "Perineorrhaphy" ni kumshona mama aliyechanika akizaa. Nimeifanya kazi hiyo mara nyingi sana, sikuwahi kufikiri kwamba jina lake na Rhapta ya kale ni mshono mmoja.

BintiLangoni (Lamu)

Dada Muuguzi, nimesoma ujumbe wako nikasimama. "-rrhaphy" ilikuwa kwenye ile orodha ya chuoni. Nimeikariri, nimeiandika, nimepata alama yake, na muda wote sikujua kwamba ni kushona.

Leo Ijumaa nilivuka kwenda Matondoni nikamsomea Babu, nikamfasiria. Aliposikia mkunga anashona, aliweka keekee chini. Akaniuliza uzi wenyewe ni wa nini, mkunga huufunga fundo au hubana kwa kijiti, na kama baadaye hutolewa. Anasema kamba ya makumbi huoza kwa chumvi na jua, kwa hiyo mtepe ulikuwa lazima upandishwe ufuoni ufumuliwe na kushonwa upya. Amenituma nikuulize, naye anangoja jibu.

MuuguziSabaki

Mwambie Babu namwamkia, shikamoo. Tunafunga mafundo, hatuna kijiti. Sindano yetu imepinda kama ndoana. Nyuzi ziko za aina nyingi, lakini ile ya mama aliyezaa huyeyuka yenyewe mwilini, haitolewi. Kufikia hapo nyama imeshashikana.

BintiLangoni (Lamu)

Nimempigia sasa hivi. Amenyamaza kidogo, kisha akauliza inayeyuka baada ya siku ngapi.